Mkono Mtupu Haulambwi: Somo la Uchaguzi wa Madiwani wa Poplar

Katika semina ya mwaka wa pili muhula huu, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa. Tulikuwa tunajadili historia ya serikali za mitaa, nami nilikuwa nimetumia karibu nusu saa kuwahimiza vijana wajiandikishe na wapige kura. "Mwalimu, samahani," akasema, "wewe mwenyewe hujawahi kuacha kumpigia diwani kura?" Darasa likacheka. Nikacheka nao, kisha nikawaeleza ukweli, ambao sasa nawaeleza na ninyi wasomaji wangu.

Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Uingereza, nikiishi katika chumba cha kupanga mashariki mwa London, katika Manispaa ya Tower Hamlets. Wengi wetu hatujui kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anayo haki ya kupiga kura huko, kuanzia ya diwani hadi ya mbunge. Nilijiandikisha kwa sababu fomu ililetwa mlangoni, na kadi ya mpiga kura ikaja kwa posta. Tarehe 6 Mei wakazi wa manispaa ile waliwekewa mezani karatasi tatu: ya mbunge, ya madiwani, na ya kuamua iwapo meya achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Kituo cha kupigia kura kilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka nilipolala. Sikwenda. Nilikuwa na sura ya tasnifu ya kukamilisha, na nilijiambia kwamba madiwani wa Waingereza hawanihusu. Kadi ile niliitia katikati ya kitabu iwe alama ya ukurasa.

Baadaye, nikiwa maktabani natafuta mambo mengine kabisa, nilikutana na historia ya mahali nilipokuwa nikiishi. Nilipomaliza kuisoma niliona haya. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia leo, kwa sababu naamini inatufundisha jambo moja ambalo wachambuzi wa matokeo ya uchaguzi hulisahau: matokeo ya uchaguzi wa madiwani hayaishii kwenye idadi ya viti. Maana yake halisi hujulikana kesho yake asubuhi, pale wananchi wanapoona baraza walilolichagua lina uwezo gani, lina fedha kiasi gani, na nani anaweza kulinyang'anya vyote viwili.

Manispaa ya Tower Hamlets ilizaliwa mwaka 1965 kwa kuunganishwa manispaa tatu za zamani: Stepney, Bethnal Green na Poplar. Poplar ndiyo iliyokuwa mashariki zaidi, kwenye kingo za mto Thames, na ndani yake ndimo yalimokuwamo magati makubwa ya bandari ya London: East India, West India na Millwall. Kazi ya bandarini ilikuwa ya kibarua. Makuli walikusanyika langoni asubuhi, msimamizi akachagua mikono aliyoihitaji, waliobaki wakarudi nyumbani bila kitu. Meli zikipungua, mtaa mzima ulilala njaa.

Tarehe 1 Novemba 1919, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, London ilichagua madiwani wake. Huko Poplar chama cha Labour kilipata viti 39 kati ya 42. Ushindi huo ulikuwa na sababu zake. Sheria ya uwakilishi ya mwaka 1918 ilikuwa imepanua haki ya kupiga kura, ikawaingiza wanawake wengi katika daftari, na ikafuta kanuni ya kale iliyomnyima kura mtu aliyepokea msaada wa maskini. Fikiri maana ya jambo hilo. Kabla ya hapo, mtu akiishiwa, akaomba mkate wa umma, alipoteza na sauti yake. Mwaka 1919 mwenye njaa aliruhusiwa kwa mara ya kwanza kumchagua msimamizi wa ghala.

Meya wao wa kwanza alikuwa George Lansbury, mhariri wa gazeti la Daily Herald, ambaye baadaye, kati ya mwaka 1932 na 1935, alikiongoza chama cha Labour kitaifa. Madiwani wenzake wengi walikuwa watu wa kazi za mikono, wake za wafanyakazi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hawakukawia. Mwaka 1920 baraza lilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake hadi pauni 4 kwa wiki, mwanamume na mwanamke sawa. Tunazungumzia mwaka 1920, wakati ambapo mwanamke wa Uingereza alikuwa bado anasubiri kufikisha miaka 30 ndipo aruhusiwe kumchagua mbunge.

Hapo ndipo walipokutana na ukuta wa fedha. Manispaa za Uingereza ziliendeshwa kwa kodi iliyotozwa kwa thamani ya majengo. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kununua umeme wa LUKU na kukuta sehemu ya fedha zake imekatwa kwa ajili ya kodi ya majengo ataelewa haraka. Tofauti ni kwamba kodi ile ilipanda na kushuka kulingana na thamani ya jengo, na kila manispaa ilijitegemea. Westminster, yenye majumba ya matajiri, maduka makubwa na ofisi, na Poplar, yenye vibanda vya makuli, zikitoza kiwango kilekile, Westminster ilikusanya zaidi ya mara nane ya Poplar. Na gharama ya kuwatunza wasio na kazi nayo ilibebwa kwa sehemu kubwa na mtaa wanakoishi. Hivyo mtaa wenye maskini wengi ulikuwa na mzigo mzito na mabega membamba, na ule wenye matajiri wengi ulikuwa na mabega mapana na mzigo mwepesi. Ili Poplar ilishe watu wake, ilibidi imtoze kuli kodi kubwa kuliko aliyotozwa lodi.

Juu ya hayo, kila manispaa ilitakiwa ikusanye kutoka kwa wakazi wake fedha za vyombo vya London nzima: Baraza la Kaunti ya London, polisi, bodi ya maji na bodi iliyosimamia hospitali na makazi ya wagonjwa. Mdororo wa uchumi ulipoanza kubana na ukosefu wa kazi ukaongezeka, baraza la Poplar lilikata shauri. Mwezi Machi 1921 madiwani walipitisha azimio kwamba hawatakusanya fedha za vyombo vile. Walichokusanya kingebaki Poplar, kiwalishe watu wa Poplar, mpaka serikali ikubali kwamba manispaa tajiri na manispaa maskini zibebe mzigo wa London kwa pamoja.

Lilikuwa kosa la kisheria, na walilijua. Tarehe 29 Julai 1921 waliitwa Mahakama Kuu. Hawakupanda magari. Walitembea kwa miguu kutoka mashariki mwa jiji hadi mahakamani, meya Sam March akiwa amevaa mkufu wake wa cheo, bendi ikipiga mbele yao, na bango likiwatangazia wapita njia kwamba baraza la Poplar linakwenda mahakamani na huenda likaishia gerezani. Mahakama iliwaamuru wakusanye fedha. Wakakataa. Kuanzia tarehe 1 Septemba walikamatwa kwa kuidharau mahakama: madiwani 30, wanaume 25 wakapelekwa gereza la Brixton na wanawake 5 gereza la Holloway.

Naomba niwataje wale wanawake watano, kwa maana vitabu vingi humtaja Lansbury na kuishia hapo: Susan Lawrence, Julia Scurr, Jennie Mackay, Nellie Cressall na Minnie Lansbury, mke wa mwanawe George. Nellie Cressall aliingia gerezani akiwa na mimba kubwa, na hali hiyo ikaitia serikali aibu mbele ya umma. Miaka ishirini na miwili baadaye, mwaka 1943, ndiye aliyekuwa meya wa Poplar.

Kilichofuata kingewafurahisha watumishi wa umma wanaopenda kanuni. Manispaa haiwezi kukaa bila baraza, na baraza lilikuwa gerezani. Ikabidi vikao vya baraza vifanyike ndani ya Brixton, wale wanawake wakiletwa kwa gari kutoka Holloway ili wahudhurie. Jioni watu walikusanyika nje ya ukuta, na Lansbury akawahutubia kupitia nondo za dirisha la chumba chake. Stepney na Bethnal Green, manispaa jirani, nazo zikapitisha maazimio ya kufuata njia ya Poplar. Serikali ikaona kwamba magereza hayatatosha. Tarehe 12 Oktoba, baada ya wiki sita, madiwani waliachiwa, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyoifanya gharama ya kuwasaidia maskini kubebwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa pamoja wa London yote. Westminster ilianza kuilipia Poplar.

Ushindi huo haukuwa wa bure. Minnie Lansbury, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alifariki tarehe 1 Januari 1922 kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 32. Wenzake waliamini kwamba gereza ndilo lililomdhoofisha. Pale Bow Road ipo saa ya ukutani iliyowekwa kwa kumbukumbu yake. Nilipita chini ya saa ile mara nyingi nikiwahi basi, na sikuwahi kuuliza jina lile ni la nani.

Mwalimu wa historia hatakiwi kuwafundisha wanafunzi wake upande mmoja. Si kila mtu wa Labour aliyewaunga mkono wale madiwani. Herbert Morrison, aliyekuwa meya wa Hackney, aliona kwamba chama kinachotaka kutawala nchi hakiwezi kuanza kwa kuvunja sheria, kwamba mpiga kura ataogopa kukikabidhi hazina. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1934 yeye ndiye aliyekiongoza chama hicho kulitwaa Baraza la Kaunti ya London, akajenga na kuendesha mambo mengi kwa njia ya sheria. Lakini katika uchaguzi wa Novemba 1922, Labour ilipoporomoka katika manispaa nyingi za London, Poplar ilibaki mikononi mwake. Wapiga kura walikuwa wameona kwa macho yao kwamba kura ya diwani imeleta mkate mezani, wakailinda.

Mkono wa sheria nao haukulala. Mkaguzi wa hesabu aliikataa ile mishahara ya pauni 4 kwa madai kwamba ilikuwa mikubwa kupita kiasi, hasa kwa vile bei za bidhaa zilikuwa zimeshuka, akaagiza madiwani warudishe ziada kutoka mifukoni mwao. Kesi hiyo, maarufu kwa wanasheria kwa jina la Roberts dhidi ya Hopwood, ilifika hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa. Mwaka 1925 malodi walimpa mkaguzi ushindi. Walisema kwamba fedha za walipa kodi lazima zitumike kwa kiasi kinachokubalika kwa busara, na mmoja wao hakuficha kuudhika kwake na wazo la kumlipa mwanamke sawa na mwanamume. Ndugu zangu mnaosoma sheria bado mnaikuta kesi hiyo katika vitabu vyenu vya sheria ya utawala. Mkiisoma, kumbukeni kwamba nyuma ya kanuni ile ya busara walikuwapo wafagizi na wafua nguo wa manispaa, na madiwani ambao tayari walikuwa wamesimama mara mbili mbele ya umma wao na kuchaguliwa.

Sasa turuke miaka sabini, bila kuondoka mahali palepale. Kusini mwa iliyokuwa Poplar pana rasi iliyozungukwa na mto pande tatu, iitwayo Isle of Dogs, na kata yake mojawapo iliitwa Millwall. Mwaka 1980 magati ya mwisho ya huko yalifungwa. Mwaka 1981 serikali kuu iliunda shirika maalumu la kuendeleza eneo la bandari, wakuu wake wakiteuliwa na mawaziri, na mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi yakatoka mikononi mwa madiwani yakaenda kwa shirika hilo. Sheria ya mwaka 1980 ilikuwa imeshawapa wapangaji wa nyumba za manispaa haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo, na nyumba iliyouzwa haikurudi tena katika akiba ya manispaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnara wa Canary Wharf, uliokuwa jengo refu kuliko yote Uingereza, ulikuwa umesimama juu ya magati ya West India. Chini yake familia zilikuwa zikisubiri nyumba mwaka baada ya mwaka.

Waliosubiri walikuwa wazawa weupe wa kisiwani, watoto na wajukuu wa makuli, na pia familia zenye asili ya Bangladesh, wengi wao kutoka Sylhet, waliokuwa wakibanana katika nyumba chakavu upande wa magharibi wa manispaa. Nyumba zilikuwa chache, na baraza halikuwa na nguvu wala fedha za kujenga za kutosha. Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Wananchi waliokuta mkono wa baraza mtupu waligeuka kutazamana wao kwa wao, kila mmoja akihesabu jirani yake amepewa nini. Chama cha British National Party, kilichohubiri kwamba weupe ndio wanaonyimwa haki, kilikuja kuvuna hapo. Chama cha Liberal Democrats, kilichoitawala manispaa wakati huo, nacho kililaumiwa kwa vipeperushi vilivyochezea hisia hizohizo za rangi, hata uongozi wake wa kitaifa ukaagiza uchunguzi.

Tarehe 16 Septemba 1993 ulifanyika uchaguzi mdogo wa kiti kimoja cha udiwani Millwall. Mgombea wa BNP, Derek Beackon, alipata kura 1,480. Mgombea wa Labour alipata 1,473. Tofauti ilikuwa kura saba, na zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakujitokeza. Chama cha ubaguzi wa rangi kikapata kiti chake cha kwanza cha udiwani nchini humo, na kesho yake watoto wa Kibangladeshi walikwenda shule wakijua kwamba diwani wa kata yao hawataki.

Sehemu ninayotaka wanafunzi wangu waishike ni ile ya miezi minane baadaye. Mei 1994 ulifika uchaguzi wa kawaida wa manispaa nzima. Viongozi wa dini, vyama vya wafanyakazi, wazazi na vijana, weupe na Wabangladeshi, walikuwa wamepita mlango kwa mlango kuandikisha watu na kuwasihi wajitokeze. Waliojitokeza Millwall walifika karibu theluthi mbili ya walioandikishwa. Beackon alishindwa, na viti vyote vitatu vya kata vikaenda Labour. Lakini tazameni hesabu: kura za Beackon hazikupungua. Ziliongezeka kwa 561, zikafika 2,041. Waliomwondoa kitini ni watu wale ambao mwezi Septemba walikuwa wamebaki majumbani, kila mmoja na sababu yake: kazi, mvua, uchovu, au imani kwamba udiwani si jambo kubwa. Wasomi hupenda kueleza matokeo kwa mabadiliko ya fikra za watu, lakini huko Millwall sehemu kubwa ya maelezo ilikuwa miguu ya watu.

Kwa hiyo ardhi ileile imetupa aina mbili za matokeo. Mwaka 1919 na 1922 wananchi maskini walichagua baraza lililokuwa na kodi yake, watumishi wake na ujasiri wake, na hasira yao ikaelekezwa juu, kwa wenye uwezo wa kurekebisha mambo. Mwaka 1993 wananchi wa hapohapo walikuwa na baraza lililopokonywa ardhi na nyumba, na hasira yao ikamwangukia jirani wa mlango wa pili. Sisemi kwamba ubaguzi huzaliwa na upungufu wa fedha peke yake. Ubaguzi ulikuwapo mashariki mwa London tangu zamani, na wapo maskini wengi mno waliokataa kuupigia kura. Ninachosema ni kwamba serikali kuu inapochukua mamlaka na mapato ya halmashauri, hata kwa nia njema ya ufanisi, haichukui fedha tu. Inawaondolea wananchi mahali pa karibu pa kudai, na madai yasiyo na mlango wa kubisha hutafuta dirisha la kuvunja.

Ndugu watumishi wa umma mnaonisoma, mnaoandaa miongozo na bajeti za halmashauri zetu, naomba mlifikirie hilo kila mnapoamua kodi ipi ibaki kwenye halmashauri na ipi ipelekwe juu. Nanyi wanaharakati, msiishie kuhesabu viti. Ulizeni kila kiti kina nini mkononi.

Kwa yule mwanafunzi wangu, jibu langu lilikuwa fupi. Nilimwambia ndiyo, niliacha, katika manispaa ambayo diwani mbaguzi aliwahi kupita kwa kura saba, na sikuwa na udhuru unaoweza kusimama. Kisha nikampa kazi, yeye na darasa zima, na ninyi mkiweza mwifanye: nendeni kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji unaofuata, ombeni taarifa ya mapato na matumizi isomwe, kisha mwulizeni diwani wenu ni shilingi ngapi kati ya hizo anaweza kuamua yeye na baraza lake. Wataleta majibu darasani wiki ijayo. Nami pia nimeahidi kuleta la kwetu.